Kabla hujafanya kazi ya umma kwa simu yako

Simu binafsi zitaendelea kutumika serikalini, hasa vijijini ambako mtendaji hana kompyuta wala mtandao wa ofisi. Cha kupanga mapema ni jinsi uamuzi uliofanyika kwenye simu utakavyofika kwenye jalada la ofisi, kwa sababu nyaraka zinazotokana na kazi ya ofisi ni za umma.

Chukua ujenzi wa darasa. Fundi anatuma ujumbe wa sauti saa mbili usiku akiomba kubadili nondo, mhandisi anajibu: "Sawa, endelea." Miaka miwili baadaye mkaguzi anauliza nani aliidhinisha. Mhandisi keshahamia Kigoma, simu iliibiwa stendi, jalada halina hata karatasi moja, na anayehojiwa ni aliyepokea kijiti, asiyejua lolote. Kwa hiyo kabla mradi haujaanza, kubalianeni kwamba idhini ya WhatsApp haihesabiki mpaka iandikiwe dokezo, yaani maelezo mafupi ya kiofisi, na kufika masijala, ofisi inayotunza majalada. Sheria ya kumbukumbu za serikali ya Marekani, iliyorekebishwa 2014, inampa mtumishi wa serikali kuu aliyetumia akaunti binafsi siku 20 kupeleka nakala ya ujumbe kwenye akaunti ya ofisi. Kwa nondo zinazofunikwa na zege kesho yake, mimi ningedai dokezo asubuhi inayofuata.

Hakikisha pia barua pepe yako inayoishia na .go.tz inafunguka. Wengi hukimbilia Gmail kwa sababu tu walisahau nywila. Mwone afisa TEHAMA kabla ya msimu wa bajeti, si siku ya kuwasilisha.

Majina ya wagonjwa na namba za NIDA zisipite kabisa kwenye makundi ya WhatsApp. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwapo, kuna mama aliyepima VVU akiamini siri yake itabaki kwa mhudumu. Picha ya rejesta ikitumwa kwenye kundi la watu 80, inaweza kujihifadhi kwenye simu 80, nyingine za kuchezewa na watoto nyumbani. Ukishaituma, kuifuta hakukuhakikishii kitu.

Kisha kuna suala la laini, ambalo wakuu wa idara hulisahau. Yako imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Ukihama unaondoka nayo, na mwananchi mwenye bomba lililopasuka anaendelea kukupigia wewe. Ofisi iwe na laini iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, namba ibandikwe mlangoni, na ikabidhiwe pamoja na funguo siku ya makabidhiano.