Namna ninavyosasisha redio na ramani ya gari langu mwenyewe

Naendesha gari la kukodi, Toyota Wish, kati ya Kampala na mipaka ya Busia na Malaba. Siku moja nilimchukua mama mmoja Malaba akiwahi ndege Entebbe. Tulipopanda daraja jipya la Jinja, niliona kwenye kioo kwamba anaikodolea macho skrini ya redio. Mshale wa gari letu ulikuwa umeacha barabara, unatembea juu ya rangi ya bluu, na sauti inaniambia nigeuze gari. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, njia unaijua kweli?"

Daraja lile lilifunguliwa Oktoba 2018. Ramani iliyokuwa ndani ya redio yangu ilitengenezwa kabla ya hapo, ikijua njia moja tu ya kuvuka Nile hapo Jinja, ile inayopita juu ya bwawa la Nalubaale. Mimi njia niliijua, lakini yule mama alisafiri kilomita mia moja na zaidi zilizobaki akiwa na wasiwasi. Ndipo nikaamua kujifunza kazi hii. Nilijifunza kwa hasara, na hasara hiyo nitaieleza hapa ili wewe usiipate.

Kabla ya kugusa chochote, jua redio yako ni ya aina gani. Magari yetu mengi hapa Uganda yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Kama redio bado ni ileile ya kiwandani, maandishi yake ni ya Kijapani na ramani yake ni ya Japani, kwa hiyo sasisho lake litakuletea barabara mpya za Osaka. Pesa hiyo usiitoe. Hata FM yake inaanzia 76 na nyingi huishia 90, wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Jambo moja nakusihi: ukikuta kadi ndogo ya kumbukumbu imechomekwa kwenye redio hizo, hasa za Toyota, usiichomoe ili uweke nyimbo zako. Katika nyingi, kadi hiyo ndiyo inayobeba programu yenyewe. Ukiitoa, au betri ya gari ikikatwa, redio inaweza kujifunga na kukudai namba ya kuifungulia, na kuipata namba hiyo ni safari ndefu.

Magari ya Ulaya yenye redio ya kiwandani yana utaratibu wake. Unaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, unaandika namba ya chasi, unapakua faili linalohusu gari lako. Hakikisha kifurushi cha ramani kina Uganda ndani yake kabla ya kulipa, kwa sababu vingine vinaishia Afrika Kusini na jirani zake.

Redio ninayoizungumzia sana ni ile ya Android, yenye skrini kubwa, ambayo wengi wetu tumefungiwa Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, baada ya kuchoka na Kijapani. Ndani yake kuna programu mbili. Ya kwanza ni mfumo wa Android wenyewe, yaani kile unachokiona kwenye skrini. Ya pili inaitwa MCU. Hii ndiyo inayoamka ukizungusha swichi, inapokea vitufe vya usukani, inaendesha FM, na inawasha kamera ya nyuma ukiingiza rivasi. Redio mbili zinaweza kufanana kwa sura, kwa boksi, hata kwa picha inayotokea zikiwaka, na MCU zake zikawa tofauti kabisa. Hapo ndipo mimi nilipoumia. Fundi mmoja mjini alinipa faili akasema redio zote za namna hii ni moja. Nikaliweka. Skrini ikazima, haikuwaka tena, na siku tatu nilifanya kazi bila redio wala kamera, mpaka bodi ikabadilishwa. Fundi hakuwa mtu mbaya, aliamini alichokisema. Lakini tangu siku hiyo sikubali faili la mtu ambaye hajasoma kwanza maandishi ya redio yangu.

Maandishi hayo yako kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za kifaa. Utaona mstari wa MCU wenye herufi na namba, kwa mfano unaoanza na MTCE, kisha alama ya chini na herufi nyingine mbili tatu. Herufi za mwisho zinamtaja aliyetengeneza, nazo lazima zifanane na za faili unalopakua, herufi kwa herufi. Piga picha ukurasa huo kwa simu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kiwanda (redio za MTC, yaani zile ambazo mstari wake wa MCU unaanza na herufi hizo, hufunguka kwa namba 126) na upige picha kila ukurasa bila kubadili kitu: aina ya gari, kamera, vitufe vya usukani, eneo la redio. Baada ya kusasisha, vingi kati ya hivyo hufutika, na picha zako ndizo zitakazokurudishia. Kama MCU yako haina tatizo, iache, sasisha Android peke yake.

Flashi iwe ndogo, GB 8 au 16, na uifomati kwa FAT32. Redio nyingi hazisomi flashi iliyofomatiwa kwa namna nyingine kama NTFS au exFAT. Faili liweke juu kabisa, si ndani ya folda, na usilibadilishe jina. Kwenye redio za MTC faili la mfumo ni update.img au update.zip, na la MCU ni dmcu.img. Ukilipakua mara mbili, kompyuta itaongeza (1) mwishoni mwa jina na redio haitaliona. Lifute na uanze upya.

Sasa umeme. Ukishakuwa na faili sahihi, kinachoweza kuiua redio ni umeme kukatika katikati. Programu ya zamani inakuwa imeshafutwa na mpya haijakamilika. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, hupima volti kama 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, usianze. Mimi huliweka gari nje, mahali pa wazi, si ndani ya gereji iliyofungwa maana moshi wa injini unaua, kisha nawasha injini kwanza. Alternata ikichaji utaona volti kati ya 13.5 na 14.5. Kuwasha gari kunashusha volti ghafla, kwa hiyo injini iwe inanguruma kabla hujabonyeza chochote kwenye skrini. Zima AC na taa. Na ufunguo ulio kwenye swichi usiuache peke yake: mwanangu wa miaka saba aliwahi kuusogelea wakati mstari wa kusasisha umefika asilimia arobaini, nikamshika mkono.

Chomeka flashi, nenda kwenye mipangilio, chagua kusasisha mfumo, kubali. Redio itazima na kuwaka yenyewe, huenda mara mbili. Skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Vumilia, usibonyeze kitu. Ikikuambia utoe flashi, itoe wakati huo, si kabla.

Ikishawaka, saa itakuchanganya. Redio nyingi hurudi kwenye saa za China, tano mbele yetu, yaani saa mbili asubuhi yako inasomeka 13:00. Weka GMT+3. Kisha FM. Ukiipata Capital kwenye 91.3 na Simba kwenye 97.3 lakini CBS ya 88.8 haikamatiki, antena haina kosa. Redio imejiweka eneo la Marekani, ambako masafa huruka mbili mbili na kugusa yale tu ambayo tarakimu yake ya mwisho haigawanyiki kwa mbili. Badilisha iwe Ulaya, na 88.8 itakuja.

Ramani haihitaji fundi. Mimi hutumia OsmAnd na Organic Maps, zote zinachota kutoka OpenStreetMap, ambako Waganda wenyewe huongeza barabara zao. Napakua Uganda nzima nyumbani, na Kenya kwa ajili ya upande wa pili wa mpaka, kisha natembea bila bando. Google Maps nayo inakuruhusu kuhifadhi eneo, ila eneo hilo lina tarehe ya kuisha, liangalie kabla ya safari. Angalia pia swichi ya kuepuka barabara za kulipia. Ikiwa imewashwa, itakupitisha barabara ya zamani ya Kajjansi kwenye foleni huku abiria wako anawahi ndege, kumbe barabara mpya ya Entebbe angeilipia shilingi 5,000 kwa furaha.

Mara ya kwanza baada ya kusasisha, simamisha gari chini ya anga wazi robo saa. Setilaiti za GPS huchukua dakika 12.5 kutuma ratiba yao kamili, na redio iliyosahau kila kitu huipokea upya.

Nikimaliza naandika kwenye karatasi namba ya MCU, jina la faili na tarehe, naifunga kwenye ile flashi kwa mpira, naweka kwenye kidroo cha dashibodi.