Kula vizuri usiku Mtwara kwa pesa ya kawaida

Naendesha bajaji Mtwara mjini, na abiria wanaoshuka basi la Dar jioni karibu wote wana swali moja: "Kaka, nipeleke pa kula, pazuri ila pasiwe pa ghali." Wanategemea niwatajie jina. Sitaji. Wapishi wanahama, na palipokuwa patamu mwaka jana leo unaweza kukuta soda na chipsi zilizopoa. Bora ujue namna ya kupapima kabla hujavuta kiti.

Anza na bahari, kwa sababu huku kwetu ndiyo inayopanga bei. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanakupwa sana, mwamba unatoka nje mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na watu wanatembea kwa miguu kuchokoa pweza. Jioni ya siku hizo pweza yupo wa kutosha na anauzwa kwa maelewano. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, ukiletewa pweza jua huenda ametoka kwenye friza. Dagaa nao wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wengi wanapumzika, maana bahari yote inang'aa na taa haivuti kitu. Halafu kuna upepo wa kusi. Ikichachamaa katikati ya mwaka, mitumbwi inalala ufukweni na samaki anapanda bei. Usiku kama huo mimi nakula wali, maharage na kisamvu cha nazi, wala sisikitiki.

Ukifika kibandani, salimia kwanza. Mama akishaitikia marahaba, maswali yako yanapokelewa vizuri. Ila usimuulize kama samaki ni wa leo. Hakuna atakayekujibu ni wa jana. Uliza hivi:

"Mama, leo samaki gani?"

"Changu. Na tasi, wamebaki wawili."

"Wametoka wapi?"

"Msangamkuu, wamevuka mchana."

Hapo kaa. Msangamkuu ni ng'ambo tu ya ghuba. Mwenye samaki wa leo anawajua kwa majina na anajua wametoka wapi. Akikujibu "samaki tu, kaka, wazuri," angalia mwenyewe. Kama bado mbichi, jicho liwe limejaa na linang'aa, shavu jekundu ndani, na nyama ukiibonyeza irudi. Kama ameshakaangwa, angalia kingo za mapezi na mkia. Samaki aliyekaangwa mchana akarudishwa kwenye mafuta usiku ngozi inakuwa nyeusi nyeusi na nyama inaachana na mfupa vipande vikavu. Tupia jicho na karai: mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, omba wa kuchoma au wa mchuzi wa nazi.

Kingine ni wateja. Meza zilizojaa si ushahidi, watu wanaweza kuwa wanaangalia mpira. Angalia wanaofungiwa chakula waende nacho nyumbani. Mtu aliyetoka zamu hospitali ya Ligula, au fundi anayerudi kwake Chikongola na mfuko mkononi, hanunui kwa sababu ya televisheni.

Muda mzuri ni saa moja hadi saa mbili usiku. Saa tatu ikipita, wali ni wa chini ya sufuria na mboga zimeisha. Wa kuchelewa abaki na mishikaki na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, ambao mimi naupenda kuliko chipsi. Viazi mviringo vinasafiri kutoka nyanda za juu kama Njombe, na nauli yake unailipa wewe. Muhogo ni wa hapa hapa.

Bei uliza kabla ya kuagiza, hata kama unaona aibu. Samaki mzima huuzwa kwa ukubwa, kwa hiyo mnyooshee kidole yule unayemtaka na mkubaliane kabla hajaingia motoni. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mji unajaa wanunuzi na watu wenye pesa mpya, na bei zinachangamka. Hoteli za upande wa Shangani ni tulivu na upepo wake ni mzuri, lakini baadhi bado zina bei za enzi zile mji ulipochangamka kwa gesi asilia, kabla bomba lake la kwenda Dar halijakamilika 2015. Kanywe chai pale, chakula kale kwingine.

Ramadhani mambo yanageuka. Mchana vibanda vingi vimefungwa, ila jua likizama unapata magimbi, mihogo ya nazi, tambi na uji kwa pesa kidogo sana. Wahi magharibi, vinaisha upesi.

Ukitaka kula Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, ukaone na Boma la Mjerumani la 1895 lililogeuzwa hoteli, nenda jua likiwa bado lipo. Na patana na dereva bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Usiku ukishaingia, bajaji za kurudi mjini ni chache, na anayebaki peke yake anataja bei anayoitaka. Hata mimi.