Kabla hujapachika grili ndani ya dirisha: mambo ya kuzingatia ili jedwali la Revit lihesabu sawa

Dirisha moja la nyumba ya Dodoma hununuliwa kwa zaidi ya mtu mmoja. Fremu na vioo vinatoka kwa fundi wa aluminiamu, grili inatoka kwa fundi wa kuchomelea, na wavu wa mbu mara nyingi unakuja pamoja na fremu, ingawa si kila fundi anauhesabu kwenye bei yake. Sisi wachoraji tunaliweka dirisha hilo kwenye Revit, programu ya kuchora majengo, kama familia moja (yaani kitu kilichotayarishwa ambacho unakiweka kwenye mchoro), na ndani yake tunapachika familia ndogo za fremu, grili na wavu. Linapendeza kwenye skrini. Kazi inakuwa ngumu pale mteja anapouliza grili ni ngapi, halafu jedwali, ile orodha ambayo programu inaitoa kwa kuhesabu vilivyochorwa, linakupa idadi ya madirisha tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza linafanyika kabla hata hujafungua kompyuta. Kaa na mkadiriaji majenzi, muulize ni vitu gani vitapewa mstari wake kwenye BOQ (orodha ya vifaa na kazi inayotumika kukadiria gharama) na nani atavinunua. Kitu kinachonunuliwa peke yake kinastahili kuwa familia ndogo inayohesabika. Kisichonunuliwa peke yake kiache kiwe umbo tu ndani ya familia kubwa. Skrubu, kwa mfano, usizipachike kabisa. Ukijua mlango una bawaba 3 na kila bawaba inakula skrubu 6, tengeneza safu ya hesabu ndani ya jedwali, ikuzidishie. Nimeona faili zilizojazwa skrubu za kuchorwa moja moja, na kompyuta ilikuwa inachukua muda mrefu kuzifungua bila faida yoyote.

Ukishajua vinavyohesabika, fungua kila familia ndogo na uweke tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa Shared kabla hujaipachika. Bila tiki hiyo grili inaonekana kwenye mchoro, ila kwenye jedwali haipo. Ukiiweka, grili inapata mstari wake, na pia unaweza kuichagua peke yake na kuipa lebo.

Tiki hiyo ina masharti yake, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Vipimo vya familia ndogo yenye tiki vinafuata dirisha pale tu parameta zake, yaani vipimo na sifa zinazobadilishika, zikiwa za kila kipande kimoja kimoja. Zikiwa parameta za aina, yaani zinazotawala vipande vyote vya aina hiyo kwa pamoja, huwezi kuziunganisha na parameta za familia kubwa. Amua mapema: upana na kimo cha grili viwe vya kipande, unene wa bomba unaweza kubaki wa aina. Kugundua hili baada ya kupanga madirisha yote maana yake ni kurudi mwanzo.

Angalia pia kundi la familia ndogo. Grili uliyoitengeneza kama kitu cha jumla (Generic Model) haitatokea kwenye jedwali la madirisha. Itatokea kwenye jedwali la vitu vya jumla, au kwenye jedwali linalochanganya makundi yote. Ukifanya kinyume chake, yaani ukaipa shata (bawa la dirisha) kundi la madirisha kisha ukaipachika ndani ya dirisha, kila ufunguzi utahesabiwa mara mbili. Ukilazimika kufanya hivyo, weka parameta ya kutenganisha na uchuje jedwali kwa parameta hiyo.

Lililonigharimu mimi ni mwonekano. Kwenye hosteli moja ya ghorofa mbili kule Nzuguni tulikuwa na madirisha 48. Grili zilitakiwa chini tu, kwenye madirisha 24. Nilitumia dirisha lilelile juu na chini, na kwa ghorofa ya juu nikazima mwonekano wa grili. Mchoro ulitoka safi. Siku grili zinapelekwa kufungwa, fundi akapiga simu: "Injinia, hizi nyingine 24 nazifunga wapi?" Jedwali langu lilisema 48, naye alichomelea 48, kwa sababu kipande chenye tiki hata ukikificha bado kinahesabiwa. Kosa lilikuwa langu, na mabomba yalikuwa yameshanunuliwa, yamekatwa kwa vipimo vya jengo lile. Tangu hapo sifichi kitu kinachonunuliwa. Natumia parameta ya kuchagua aina ya familia, na mojawapo ya chaguo ni familia tupu isiyo na umbo. Hiyo tupu nayo inaingia kwenye jedwali, hivyo naipa jina linaloeleweka na kuichuja.

Majina yenyewe yawe ya kipekee. Ukiwa na familia mbili ndogo zinazoitwa "grili" katika madirisha mawili tofauti, mradi hauwezi kubeba zote mbili. Programu inakuuliza ubaki na ipi, na ukibonyeza kwa haraka, dirisha la kwanza linabadilika bila wewe kujua.

Kwa safu unazotaka zisomeke kwenye jedwali, kama aina ya bomba, rangi au fundi husika, tumia parameta za pamoja zinazotoka kwenye faili moja la maandishi la ofisi. Parameta za kawaida za ndani ya familia hazifiki kwenye jedwali. Faili hilo likae kwenye seva, lisikae kwenye flashi ya mtu. Watu wawili wakitengeneza kila mmoja parameta yake ya "rangi ya bomba", jina linafanana lakini programu inazitambua kwa namba ya siri iliyo ndani. Utaona safu imejaa nusu, nusu nyingine tupu.

Halafu kuna hesabu ambayo jedwali haliwezi kukufanyia. Linajumlisha urefu, na dukani urefu unauzwa kwa bomba zima. Chukua vipande 20 vya mita 2.1: jumla ni mita 42, na kwa bomba la mita 6 unaweza kudhani mabomba 7 yanatosha. Lakini bomba moja linatoa vipande 2 tu na kubakiza mita 1.8, kwa hiyo unahitaji mabomba 10. Uliza urefu halisi dukani kabla hujaandika chochote. Hapa Dodoma ukipungukiwa na profaili (mhimili wa aluminiamu wa fremu) ya rangi uliyochagua, huenda ikaagizwa Dar es Salaam, kilomita 450 hivi, na mafundi watakusubiri kwa posho yako.

Mwisho fanya jaribio dogo. Fungua mradi mtupu, weka madirisha matatu: moja lenye grili, moja lisilo nayo, moja la kipimo tofauti lenye grili. Fungua jedwali, weka tiki kwenye Itemize every instance ili kila kipande kiwe na mstari wake, kisha hesabu kwa kidole. Ukitaka fremu 3, grili 2 na nyavu 3, uzione hizo hizo, na kipimo cha ile tofauti kiwe kimebadilika. Zikitimia, ingiza familia kwenye mradi wenyewe.