Kusafiri mbali kwa ndege ukiwa na selimundu: kuanzia Mwanza

Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Oksijeni ikipungua, seli nyekundu za damu hujikunja umbo la mundu na kuziba mishipa. Ila wengi hawashikwi na maumivu kwa sababu ya hewa peke yake. Kiu, baridi na kukaa muda mrefu bila kujinyoosha huchangia sana, na hayo unaweza kuyazuia.

1. Wiki mbili kabla: barua. Kliniki yako, iwe Bugando au Sekou Toure, ikuandikie kwa Kiingereza: aina ya selimundu (SS au SC), dawa na dozi, lini ulilazwa mwisho, na wingi wako wa damu (Hb) wa kawaida. Hiyo ya mwisho usiisahau. Daktari wa shirika la ndege akiona Hb 7 bila maelezo anaweza kukuzuia. Akisoma kwamba ndiyo yako ya siku zote, atakupima kwa kipimo kingine. Ukitoka kwenye maumivu makali, subiri siku 10 ndipo upande ndege.

Kama daktari anataka uwekewe oksijeni angani, omba mapema fomu ya MEDIF, ile ya shirika la ndege ambayo daktari hujaza kuhusu afya yako. Mashirika mengi hayaruhusu mtungi wako, na ule wa ndege ni wa dharura.

2. Dawa za maumivu. Parasetamoli haina shida. Tramadoli na kodeini ndizo zinazokamatisha watu: Falme za Kiarabu, kwa mfano, hutaka kibali kabla hujaingia nazo. Ziache kwenye pakiti zake, na jina lililo kwenye pakiti, barua na pasipoti liwe moja.

3. Saa 48 kabla: kiti cha magurudumu. Pigia simu shirika la ndege, taja msimbo. WCHR: unapanda ngazi ila huwezi mwendo mrefu. WCHS: ngazi huziwezi. WCHC: hutembei kabisa. Mwenye nyonga iliyoharibika akiandikiwa WCHR ataletwa hadi chini ya ngazi ya ndege, aachwe hapo. Hakikisha ombi limeandikwa kwa safari zote, si ya Mwanza–Dar tu.

4. Begi la mkononi. Haidroksiyurea, foliki asidi na dawa za maumivu za safari nzima pamoja na siku 7 za ziada. Begi la kupakiwa likibaki Dar, dawa zisibaki nalo. Ongeza soksi nzito, sweta na kitenge. Watu wa kanda ya ziwa hatuna mazoea ya sweta, lakini hapa usione aibu.

5. Maji. Anza jana yake. Pita ukaguzi na chupa tupu, ijaze ndani, kisha kunywa glasi moja kila saa, isipokuwa daktari amekupangia kiasi kingine. Pombe acha. Chagua kiti cha kando ya njia: utakwenda chooni mara nyingi, na kila ukiinuka miguu inapata mazoezi. Ukisinzia, weka kengele ya simu.

6. Maumivu yakianza. Kunywa dawa mapema, jifunike, ongeza maji. Maumivu ya kifua, kubanwa pumzi, au maumivu chini ya mbavu za kushoto, iliko bandama, hayasubiri kutua. Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, sema "sickle cell", omba oksijeni, wape barua.