Jinsi ya kukagua kofia za paa la vigae kabla hujammalizia fundi hela yake

Wengi tukijenga, kwenye paa tunaangalia rangi ya vigae na kama mstari wa juu umenyooka, basi, fundi anamaliziwa chake anaondoka, afu masika ikija ndo unaanza kuona doa la njano kwenye jipsamu ya sebuleni. Mara nyingi tatizo sio vigae ni kofia, yaani vile vya mviringo vinavyokaa juu kabisa pande mbili za paa zinapokutana, na kama paa lako ni la pande nne basi na vile vinavyoshuka kwenye kona.

Swali la kumuuliza fundi ni moja tu, hizi kofia zimeshikwa na nini? Akikujibu "sementi boss, haing'oki hiyo" usiridhike. Mota, yaani ule mchanganyiko wa sementi na mchanga, kazi yake ni kukalisha kofia na kuziba uwazi, ila jua la Dar linapasha paa mchana usiku linapoa, mbao za kenchi (fremu inayobeba paa) zinacheza, na mota haijui kucheza kwahiyo inapasuka. Ikishapasuka kofia imekaa kwa uzito wake tu. Na upepo mkali hauli paa kwa kulikandamiza, unalinyanyua, na juu kwenye mgongo (ule mstari wa juu kabisa wa paa) na kwenye ncha zake ndo unanyanyua zaidi. Uingereza kiwango chao cha kuezeka vigae, BS 5534, kilivyorekebishwa 2014 kilisema mota peke yake haitoshi, lazima kofia ifungwe na kitu cha chuma. Sisi huku tuna upepo wa kusi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitusogelea kabisa, kwahiyo usiseme hayo ni mambo ya wazungu.

Kinachotakiwa ni mbao inayopita urefu wote wa mgongo chini ya kofia, imefungwa vizuri kwenye kenchi, na kila kofia iwe na skrubu au klipu inayoingia kwenye hiyo mbao. Skrubu iwe na raba, na kama uko Kigamboni, Mbweni, Kunduchi, popote chumvi ya bahari inapofika, lipia stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Msumari wa kawaida huko unaliwa na kutu na huwezi kuona maana umefunikwa.

Sasa ukaguzi wenyewe uanzie ndani, na ufanye kabla siling haijapigwa, hii ni muhimu kuliko yote nitakayosema hapa. Panda kwenye kenchi saa saba mchana jua likiwa kali, angalia juu usawa wa mgongo. Ukiona mwanga unapenya kama tundu la sindano hapo na maji yatapenya, na popo nao watapaona, na popo wakishahamia kwenye dari lako harufu yake utaijua mwenyewe. (Kuna mifumo ya kofia bila mota ambayo inaachiwa matundu ya hewa makusudi, hiyo ni tofauti, mwanga wake unakuwa wa mpangilio sio ovyo ovyo.) Ukiwa humo humo tafuta ncha za skrubu kwenye ile mbao. Kama hamna mbao kabisa, majibu umeshapata.

Kutoka chini simama mwisho wa nyumba, vuta kwa zoom ya simu uangalie mstari, mawimbi madogo sio kesi, ila kofia moja iliyozama au iliyochungulia kuliko wenzake ina maana chini yake hakuna kitu cha kuikalisha.

Halafu juu. Kama huna uzoefu wa kupanda usipande, mwambie fundi afanye huku unamwangalia au anarekodi video. Anayepanda akanyage sehemu ya chini ya kigae pale kilipolalia kingine, juu ya papi (mbao nyembamba zinazobeba vigae), la sivyo atapasua vigae vizima akikagua kofia. Kila kofia aishike kwa mikono miwili aitikise, isicheze hata kidogo. Agonge na kifundo cha kidole kwenye kingo, ikilia debe tupu hapo mota haijashika. Akwangue mota na ufunguo, ikimwagika kama unga basi sementi ilibaniwa au haikumwagiliwa maji, na kwa jua letu mota isiyofunikwa au kumwagiliwa siku za mwanzo inakauka kabla haijakomaa. Uwiano wa kawaida ni ndoo moja ya sementi kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa chumvi.

Angalia sana ncha za mwisho na pale kofia za kona zinapokutana na mgongo. Hapo kunakatwa vipande na fundi mvivu anajaza donge kubwa la mota afu anapaka rangi nyekundu. Hiyo rangi mi siipendi kabisa ipakwe kabla ya ukaguzi, inaficha nyufa zote.

Mota ikishakaa kama wiki, pima kwa maji. Mpira wa maji uanzie sehemu ya chini ya paa upande taratibu, mtu mwingine awe ndani na tochi, usirushe maji kwa presha kutoka chini kwenda juu maana mvua hainyeshi hivyo. Kama maji yenu ni ya boza fanya kwenye ncha na kwenye makutano tu, inatosha.

Wenye bati mambo ni mepesi kidogo: kofia zilaliane si chini ya sentimita 15, mlalio uangalie kule upepo unakoelekea, skrubu ziwe juu ya mgongo wa bati sio bondeni, na raba iwe imebanwa bila kupondeka. Misumari inajitoa yenyewe kidogo kidogo kwa joto.

Ukikuta kasoro usikubali silikoni wala mota mpya kupakwa juu ya ile ya zamani. Kofia ing'olewe, mota ya zamani ikwanguliwe yote, vumbi lisafishwe, kigae kiloweshwe kidogo ndo kofia ikalishwe upya na kufungwa skrubu. Hela ya mwisho ikae kwako mpaka umeona skrubu kwa macho yako.