504 haimaanishi malipo yameshindikana

Mfumo ninaoutunza unawalipa wauzaji wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kwa kutumia API ya malipo ya simu, yaani njia ya programu yangu kuzungumza na mfumo wa malipo. Asubuhi moja mama mmoja anayeleta mzigo kutoka Ukerewe alilipwa mara mbili. Seva ilirudisha namba ya kosa 504, programu yangu ikaandika "imeshindikana", kisha ikatuma ombi tena. Kumbe la kwanza lilishapita. Tangu siku hiyo kila namba ya kosa naisoma kwa makini.

Anza na tarakimu ya kwanza. Ikiwa 4, kagua upande wako. Ikiwa 5, tatizo liko kwenye seva.

Ukipata 400 au 422, usikisie. Fungua JSON (maandishi ya data) iliyokuja na jibu, mara nyingi inataja sehemu yenye kasoro. Kwangu huwa ni namba ya simu: mteja ameandika 07, API inataka 2557. API zinazofuata RFC 9457, kiwango cha mtandao cha mwaka 2023 kuhusu maelezo ya makosa, huweka maelezo hayo kwenye sehemu iitwayo "detail".

401 ni kwamba seva haijakutambua: tokeni (msimbo wa siri unaokutambulisha) haipo, ina kasoro au muda wake umeisha. 403 imekuelewa, ila imekunyima ruhusa. Hapo kuomba tokeni nyingine yenye ruhusa zilezile ni kupoteza muda. 404, kagua anwani.

429 inasema umetuma maombi mengi kwa muda mfupi. Tafuta heda (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) ya Retry-After. Ikiwa 30, subiri sekunde 30. Hata 503 inaweza kuja nayo.

Sasa 504, iliyoniumiza. Hiyo hutoka kwa seva ya katikati iliyosubiri jibu la seva ya nyuma mpaka muda ukaisha. Hela inaweza kuwa imetoka, inaweza kuwa haijatoka. Kwa hiyo usilipe upya. Tumia namba ya kumbukumbu ya muamala kuuliza hali yake. Kutuma tena kwa kumbukumbu ileile ni salama pale tu API inapohakikisha kwamba kumbukumbu moja hailipwi mara mbili. Soma mwongozo wake kwanza.

Kwenye logi, yaani faili la matukio ya mfumo, hifadhi saa, namba ya kosa, maelezo yake na kumbukumbu, lakini tokeni usiiandike kamwe. Na kwenye simu ya karani pale sokoni, 504 ikitokea, mimi sasa naonyesha: "Malipo yanahakikiwa, usilipe tena."