Kukielewa Kiwanda cha Sukari: Anzia Kwenye Boila

Anayeingia kiwanda cha sukari mara ya kwanza hufundishwa kwa kufuata muwa: unapimwa, unakamuliwa, juisi inachemshwa, sukari inatoka. Kwa njia hiyo utajua majina ya mashine. Ukitaka kujua kwa nini vinu vimesimama ilhali hitilafu iko kwingine kabisa, fuata mvuke.

Chora boila, yaani mtambo unaochemsha maji yawe mvuke, katikati ya karatasi. Inachoma bagasi, yaani makapi yanayotoka kinu cha mwisho. Mvuke wake wa presha kubwa huzungusha tabaini (mashine zinazoendeshwa na mvuke) za umeme, na katika viwanda vingi hata za vinu vyenyewe. Ukitoka kwenye tabaini bado una nyuzijoto 120 hivi, kwa hiyo hautupwi. Unapelekwa kuchemsha juisi kwenye kivukizi cha kwanza, yaani chombo cha kuondoa maji kwenye juisi, unageuka maji, na maji hayo yanarudi kulisha boila. Tumia rangi tatu: mvuke, maji, juisi. Pale rangi mbili zinapokutana ndipo pa kusimama na kuuliza maswali.

Sasa piga hesabu. Tani 100 za miwa, pamoja na tani 30 za maji ya kunyunyizia vinuni, hutoa takribani tani 30 za bagasi na tani 100 za juisi. Juisi ikiwa na asilimia 13 ya vitu vilivyoyeyuka, kuifikisha asilimia 65 kunabakiza tani 20, maana yake tani 80 za maji lazima ziondoke. Vivukizi vinne vilivyopangwa mfululizo, kila kimoja kikichemshwa kwa mvuke wa mwenzake aliyetangulia, hufanya kazi hiyo kwa karibu tani 20 tu za mvuke. Ongeza tani 10 za maji vinuni: utapata sukari kidogo zaidi kutoka kwenye makapi, lakini utadaiwa tani 2.5 nyingine za mvuke.

Hapa ndipo mnyororo unapokatika. Bagasi nzuri ina unyevu wa asilimia 50 hivi. Rola za kinu cha mwisho zikilegea unyevu unapanda, moto unafifia, presha inashuka, tabaini zinapunguza mwendo. Vinu vikipungua kasi, bagasi nayo inapungua, na hali inazidi kuwa mbaya. Wakati huohuo juisi inarundikana kwenye tangi la kutulizia uchafu uzame, na ikikaa muda mrefu na joto sukari inavunjika. Ndiyo maana akiba ya bagasi kavu huwekwa kando.

Hatari nyingine ni bomba la kivukizi kutoboka. Juisi ikiingia kwenye maji yanayorudi, sukari inageuka asidi ndani ya boila, maji yanatoa povu na chuma kinaliwa. Mwombe fundi wa maabara akuonyeshe kipimo cha alfa-naftoli na asidi ya salfuriki: pete ya zambarau ikitokea, maji hayo yaelekezwe kwingine mara moja.

Mwisho, kwa siku saba, andika kila saa presha ya boila, presha ya mvuke unaotoka tabaini, ombwe (presha iliyo chini ya ile ya hewa) la kivukizi cha mwisho na kimo cha tangi la juisi. Viandike vyote kwenye mstari mmoja, kwa sababu geji moja ikisomwa peke yake haionyeshi nani ameanza kuyumba. Presha zikiwa sawa na ombwe likishuka, kagua kwanza maji ya kondensa, chombo kinachopooza mvuke wa kivukizi cha mwisho ili ombwe lipatikane. Yakiwa moto, kivukizi kizima kitapungua nguvu hata boila ikiwa haina kasoro.